Mhariri, paka wangu Ushuru aachwe

Mhariri, asalaam aleikum, na wasomaji wote habari za saa hizi. Mi ni muuza samaki wa kukaanga hapa Ngamiani, Tanga. Gazeti lako nanunua kila siku, nalisoma kwanza afu jioni ndo nafungia samaki, usinichukie kwa hilo, hela nimetoa. Sasa wiki mbili zilizopita nilikuwa namfungia mteja vibua viwili jicho likaangukia barua ya mzee mmoja analalamika eti vijana wanamaliza bando kuangalia paka, kwamba huo ni upuuzi wa wazungu, mtu mzima na akili zake kashika simu anacheka peke yake ukimchungulia unakuta ni paka kaingia kwenye boksi. Ule ukurasa sikuufungia samaki. Niliukunja nikauweka kwenye kibindo, yule mteja nikamfungia kwenye ukurasa wa michezo, akanuna maana kumbe ndo alikuwa anataka kusoma habari za Coastal Union, sasa zimelowa mafuta.

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nusu naikubali nusu naikataa, na ile nusu ninayoikubali we mwenyewe wala hukuiandika, tutafika.

Kwanza hilo la wazungu. Paka hajaletwa na mzungu bwana. Wataalamu wenyewe wanasema huyu wa nyumbani katokana na paka pori wa huku Afrika na Mashariki ya Kati, na huyo paka pori mpaka leo yupo Tanzania yetu hii anawinda panya zake. Na sisi Waislamu sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote tunamwita Abu Huraira, baba wa kipaka, kwa ajili ya mapenzi yake kwa paka, hakuwa na simu wala bando. Wazee wetu wa mwambao nao walisema paka wa nyumba haingwa. Alichofanya mzungu ni kumpiga picha tu afu akamwandikia maneno, na hilo nalo si la jana, kuna bwana wa Brighton kule Uingereza, Harry Pointer, miaka ya 1870 huko alikuwa anapiga picha paka wamekaa wamesimama anaandika maneno chini, mara salamu za mwaka mpya mara utani, anauza. Sa hiyo ina tofauti gani na stetasi? Tofauti yake ni kwamba ye alikuwa analipwa.

Haya ya kwenye intaneti nimesimuliwa na mtoto wa dada yangu anayesoma mambo ya kompyuta, mengine nimejisomea mwenyewe usiku nikiwa sina usingizi, msinione nanuka samaki mkadhani kusoma sijui. YouTube imeanza 2005, na mmoja wa walioianzisha, Steve Chen, Mei ya mwaka huohuo kaweka video ya paka wake anaitwa Pajamas. Yani duka halijapakwa hata rangi, paka keshaingia. 2007 ikaja tovuti ya Wamarekani ya picha za paka zimeandikwa Kiingereza kilichovunjwa makusudi, kama paka ndo anajifunza kuongea, dunia nzima ikacheka. Sisi huku mkongo wa baharini umefika Dar 2009, kabla ya hapo video unaifungua inazungukaaa, unaenda sokoni unarudi bado inazunguka, kwa hiyo hayo yote yametupita tukaja kuyakuta yameiva.

Sasa kwa nini paka? Mbona si kuku, mbona si mbuzi? Mi nimelifikiria sana hili nikiwa napaa samaki, kazi ya kupaa samaki mikono inafanya kichwa kipo huru. Mbuzi ukimshikia simu ataila. Mbwa ukimshikia simu anakuangalia wewe, mkia unatikisika, anataka kujua kama umefurahi. Paka hana habari na wewe. Umempiga picha hujampiga ni shauri yako, ye anajilamba. Hiyo ndo siri yote, mzee wangu. Kila kitu kingine kwenye simu kinataka umtazame, msanii anataka, mwanasiasa anataka, dada wa vipodozi anataka, binti yangu mwenyewe akipiga picha moja anapiga arubaini, paka peke yake ndo hataki kitu kwako, labda samaki.

Hebu waangalie hao waliopata majina. Yule paka wa Marekani aliyekuwa anaonekana kanuna siku zote, wenyewe walimpa jina Grumpy Cat lakini jina lake la nyumbani ni Tardar Sauce, picha yake imetoka 2012 akawa anauza mpaka fulana na vikombe. Ule uso kazaliwa nao, taya lake lilikuwa halijakaa sawa na mwili ulikuwa na udumavu, kununa hakununa hata siku moja. Kafa Mei 2019 ana miaka saba tu, na mi nilihuzunika kidogo nisiseme uongo. Kulikuwa na Maru wa Japani, kazi yake ilikuwa kuingia kwenye maboksi, boksi kubwa anaingia, boksi dogo anaingia nusu, watu mamilioni wameangalia. Kuna yule mweupe aliyekaa mezani mbele ya sahani ya saladi na yule mama anayelia ananyoosha kidole, mnamjua wote, anaitwa Smudge, yuko Kanada, yule mama wala hawakuwa mahali pamoja, ye ametoka kwenye kipindi cha televisheni cha Marekani cha 2011, ni mtu tu kaziunganisha picha mbili 2019, basi na sisi huku tukaitia Kiswahili chetu, mke anauliza hela ya sherehe iko wapi, paka ndo mume. Na yupo yule mpiga kinanda kavaa shati la bluu, huyo nakiri mwenye paka alikuwa anamshika mikono kwa chini, ilirekodiwa 1984 ikaja kuwekwa mtandaoni 2007, paka keshakufa miaka na miaka, lakini mtazame usoni. Hajali. Wangemwambia nyumba inaungua angeendelea na kinanda.

Mwaka 2015 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana aliwauliza watu karibu 7,000 wanaoangalia hizi video, wakasema wakishaangalia wanajisikia wana nguvu zaidi na huzuni imepungua. Pia wengi wakakiri wanaangalia wakati wa kazi au wa kusoma, hapo mzee nakuachia pointi yako.

Lakini mi utafiti wangu ni wifi yangu. Tulinuniana mie na wifi yangu kwa ajili ya sufuria, sufuria lile kubwa la shughuli nilimuazima kwenye ndoa ya mwanawe likarudi na tundu, nikasema, akajibu, nikajibu, miezi mitano hatusemeshani na nyumba zetu zinatazamana. Kupiga simu ntaanzaje? Kwenda ntaingiaje? Siku moja usiku ikaingia stika kwenye simu, kipaka kina macho ya machozi kimekunja mikono kimeandikwa "samahani lakini si sana". Nilicheka mpaka mume wangu akaamka. Nami nikamrudishia paka kageuza mgongo, ye akarudisha paka anachungulia mlangoni, tukaenda hivyohivyo bila neno hata moja hadi saa sita, asubuhi kaja na mkate wa mofa. Sasa angetuma picha ya mtu analia ingekuwa mengine. Tanga hii ndogo, kila mtu shemeji ya mtu, ukituma sura ya binadamu lazima atoke mmoja aseme umemkusudia fulani, na toka itoke ile Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 watu wanaogopa hata kufowadi. Paka hana ukoo, hana chama, hakushtaki. Mwanangu wa kiume yuko Maskati anafanya kazi, kwa mwaka hanipigii mara kumi, lakini kila alfajiri paka anaingia kwenye simu yangu, kalala, kapiga miayo, kavaa kofia. Nikimuona paka najua mwanangu kaamka mzima. Mei 2024 mikongo ya baharini ilipokatika intaneti ikazimika siku zile, watu walilia benki, walilia biashara, mi nilikuwa nauliza tu paka wangu hajafika bado?

Sasa nije kwa Ushuru, maana ndo aliyenikalisha chini kuandika.

Ushuru ni paka wangu, kwa kusema wangu, yani kaja mwenyewe na mvua za masika mwaka juzi kakaa chini ya meza akakataa kuondoka. Rangi ya tangawizi, sikio moja lina pengo. Jina lake limetokana na tabia, kila samaki anayetoka kule Deep Sea wanakoshushia wavuvi akishuka kwenye deli lazima ye aje, ananusa, anazunguka, hatoki mpaka achukue chake. Haibi. Nataka hili liandikwe, Ushuru haibi. Anakaa kwenye kona ya meza karibu na mizani, nikimaliza kupaa kibua nakata kichwa namsogezea, anakula, anarudi palepale. Hata wateja wananiambia mama huyu anatunza mahesabu kuliko wewe.

Basi siku moja kijana mmoja anasubiri samaki wake kawasha simu, mi wala sijui. Mteja mwingine ananivuta bei, changu mkubwa anataka nimuuzie kama mtoto wa dagaa, tunabishana, Ushuru kainua mkono taratibu kauweka juu ya mkia wa yule changu. Mi macho yapo kwa mteja, nikasema tu kwa mdomo, Ushuru, subiri zamu yako. Akauondoa mkono. Polepole, kama mtu aliyeshikwa kwenye foleni. Akaukunja chini ya kifua akatazama pembeni kama si ye. Basi, ndo klipu yenyewe, haifiki hata nusu dakika. Yule kijana akaandika "afisa mapato kazini" akaituma.

Mie sikujua mpaka usiku wa tatu mwanangu kanipigia, kapiga kabisa, anasema mama huyu si Ushuru? Kaletewa Maskati na rafiki yake, rafiki kaipata kwa ndugu yake Mombasa. Nikaifungua nikajiona mie na kanga yangu ya mafuta, mkono una magamba, sauti ya juu kama nagombeza shule nzima, aibu ikanishika, lakini nikaangalia tena. Afu tena. Watu walikuwa wanaandika mambo ya kuchekesha wallahi, mmoja kasema huyu ndo mtumishi pekee anayerudisha mkono. Mwengine kauliza risiti ya mashine iko wapi. Wateja wakaanza kuja, Makorora, Chuda, hadi dada wawili waliotoka Pangani, mihogo na samaki vinaisha mapema kabla ya isha, na Ushuru kakaa kwenye kona yake anajilamba, hana habari. Hapo ningeandika barua ya kuwasifu nyote.

Wakaja watoto. Wanaume watatu, wa miaka kama kumi na nne hivi, mmoja namjua kwao. Siku ya kwanza wanamwita Ushuru, Ushuru, hageuki. Siku ya pili wanataka nimpige kidogo ainue mkono, nikawafukuza kwa mwiko. Siku ya tatu sikuwaona, nilikuwa nimeinama nageuza samaki kwenye karai, Ushuru anakula kichwa chake kanipa mgongo, kumbe wamemwekea tango nyuma. Hilo nalo ni la kuiga, kuna klipu zilienea sana 2015 za kumwekea paka tango nyuma anapokula, akigeuka anaruka kama kaona nyoka, wataalamu wa wanyama walishasema toka wakati huo acheni, mnamtia hofu pale anapokula, atapaona pahala pa kula si salama. Ushuru kageuka, karuka, kaangukia mpini wa kijiko cha matundu uliokuwa umetokeza kwenye karai. Karai likaegama. Mafuta yakaingia kwenye mkaa, moto ukapanda kimo cha mtu, mi nikarusha mkono kumkinga paka badala ya kujikinga mwenyewe, sijui kwa nini, mkono wangu wa kushoto hadi leo una alama. Harufu ya manyoya kuungua mi sijawahi kuinusa na sitaki tena. Kapita katikati ya miguu ya watu, kavuka barabara, mara kapotea.

Watoto wanasema samahani mama tulikuwa tunataka aruke tu.

Na wameshaiposti! Mi niko dukani nanunua dawa ya kuungua wenzangu wanaposti. Klipu ya kwanza ilitembea kwa miguu, hii ilipanda bodaboda. Nimeiona. Nimesikia ukelele wangu mwenyewe, umewekewa muziki. Chini yake watu wazima, wenye picha za kanzu na za harusi, wanacheka machozi, mmoja kaandika rudieni tena ila mchukue kwa karibu.

Hii ndo nusu yangu ninayoikubali, mzee wangu. Upuuzi upo, ila haupo kwa paka wala kwa anayemcheka paka kaingia kwenye boksi kwa hiari yake, upo kwa aliyeshika simu akaona paka alivyo hamtoshi. Na hilo nalo si jipya, nimeambiwa kule kwa Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, 1894, sinema ndo kwanza inazaliwa, walichukua paka wawili wakawavisha glavu wakawapiganisha ngumi kwenye kiulingo, mwenye paka kasimama nyuma yao. Nimeiangalia hiyo. Ni fupi na haichekeshi. Paka aliyeshikwa, aliyevishwa, aliyetishwa, si paka tena, ni kiumbe kinaogopa, na kiumbe kinachoogopa kila mtu anakijua kinafananaje, hakuna haja ya kumaliza bando.

Mama yake yule mtoto ninayemjua nilimfuata, kanijibu shoga yangu si paka tu? Haya. Nikamuuliza ile hadithi tuliyosomeshwa chuoni sote wawili, ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, kamfungia hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie, umeisahau? Akanyamaza. Na kama dini haitoshi serikali nayo imeandika, kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kumtesa mnyama ni kosa, haikusema isipokuwa ukiwa unarekodi. Sitaki mtoto wa mtu ashikwe, mi mwenyewe mzazi. Nataka klipu ifutwe, na nataka walimu wa shule na wa madrasa waseme nao, na nyie mnaofowadi, mkiona paka anaruka jiulizeni nani kasimama nyuma ya simu na kashika nini mkono wa pili. Ni sekunde moja tu hiyo. Msipocheka hawatarudia, watoto wale wanapika kile wateja wanachokula, kama mie.

Ushuru alikaa siku sita hajaonekana. Siku ya saba muuza machungwa kaniita, mama njoo, kiko chini ya mkokoteni wangu. Mkia umeungua ncha, kakonda mpaka sikio lenye pengo linaonekana kubwa kuliko kichwa. Nilimchukua na kanga. Kapona sasa, anakula, lakini kula kwake ni kwa kugeuka geuka, tonge moja anatazama nyuma, tonge moja anatazama nyuma, na mtu akiinua simu tu, hata kama anapokea ya mkewe, keshashuka mezani kaingia chini ya benchi. Kwenye kona karibu na mizani hakai tena.

Kwa hiyo mnaokuja kumuona, karibuni, samaki natoa kuanzia saa kumi na moja, chachandu ipo, ndimu ipo. Nunua kibua chako, kaa kwenye benchi, simu weka mapajani kioo kiangalie chini. Akija kaja, asipokuja kula samaki wako uende.

Jana kapanda. Si hadi kwenye mizani, kaishia ncha ya meza kule kwenye mihogo, kakaa miguu minne chini tayari kuruka. Nilikata kichwa cha kibua nikakisukuma kwa kisu bila kumtazama, nikaendelea kubishana bei na mteja.

Muuza samaki,
Ngamiani, Tanga